Nyati Aliyekohoa

Usiku wa kuamkia leo nimeota pori la wazi limefungwa.

Pori la wazi ni pori la umma. Si hifadhi, wala si kitalu cha kampuni ya uwindaji. Mwananchi mwenye leseni na kibali anaruhusiwa kuingia kuwinda, ilimradi msimu umefika na yuko pamoja na askari wa wanyamapori. Kaka yangu Ndalahwa huingia pori letu kila msimu, tangu enzi za marehemu baba. Yeye huwinda, mimi hupanga. Kulenga siwezi, hata kuku nikimrushia jiwe hageuki. Ila najua ofisi gani inafunguliwa lini, barabara ipi imekatika, maji tutachota wapi, na askari gani hatapiki njiani.

Safari hii tumepata kibali cha nyati dume. Tunaondoka keshokutwa, mimi, kaka, rafiki yake Sitta na Afande Mpepo wa wanyamapori.

Jana jioni nilikwenda kwa kaka kukamilisha mipango. Mkewe, wifi yangu Hollo, alinivuta jikoni, akafunga mlango.

"Wifi, kaka yako haoni."

"Haoni vipi?"

"Macho yameingia ukungu. Juzi amemimina chai pembeni ya kikombe. Akachukua kikombe kitupu akakinywa mpaka mwisho ili nisigundue. Akasema sukari imezidi."

"Sitta anajua?"

"Sitta anajua. Mimi najua. Hata kuku wanajua, siku hizi wanampita miguuni bila wasiwasi. Na nyati si swala, wifi. Ukimkosa au ukimjeruhi, anakurudia. Mwambie wewe. Wewe ndiye mpangaji, wewe atakusikiliza."

Nikaenda sebuleni kumwambia. Kaka alikuwa amekaa anafuta bunduki ya baba kwa kitambaa, taratibu, kwa vidole vinavyojua kila mahali. Nikakaa mbele yake. Nikafungua mdomo. Nikamwambia habari za matairi ya gari. Nikaaga, nikarudi kwangu kulala.

Ndotoni nimerudi sebuleni kwa kaka. Nimetandaza ramani mezani na ninaisoma.

"Inua kiwiko," ramani inasema. "Umelalia kijiji."

Nainua. Chini yake kuna watu wadogo wanajipangusa vumbi. Nawaomba radhi. Mmoja ananiambia si neno, wamezoea wageni wa msimu.

Natafuta pori la wazi. Lipo katikati, kijani, mashamba na hifadhi vimelizunguka pande zote, na lina mlango wa mbao uliofungwa kwa komeo la ndani.

"Kama ni la wazi, mbona limefungwa?" nauliza.

"Kuwa wazi liko wazi," ramani inasema. "Shida yako ni kufika."

Kaka anaingia. Ameibeba bunduki ameifunika kitenge, kama mzazi anayetoka kliniki. Anaiketisha kwenye kiti cha wageni, anakwenda kutafuta kofia yake, ambayo iko kichwani. Bunduki ile ni ya baba, imenizidi umri, kwa hiyo naiamkia.

"Shikamoo."

"Marahaba, wifi," bunduki inajibu.

Nashangaa kidogo kuitwa wifi, lakini siku zote watu husema kaka ameioa.

"Mume wangu haoni," bunduki inasema kwa sauti ya chini. "Ananielekeza pasipo na kitu. Juzi amenilengesha kwenye kichuguu mpaka nikaona haya. Mwambie wewe."

"Kwa nini usimwambie wewe mwenyewe? Mnaishi pamoja."

"Mimi nikifungua mdomo mtu anaumia."

Kaka anarudi. "Mnaongea nini?"

"Matairi," nasema.

Bunduki inanitazama kama mawifi wanavyotazamana msibani.

Hapo meza haipo tena. Ramani imeshuka chini na kuwa ardhi, na sisi tumesimama juu yake kwenye ukingo wa shamba la tumbaku. Jua linawaka. Gari liko nyuma yetu linahema. Sitta yuko kando ya kaka, mdomo wake umefungwa kwa kamba ya kiatu, mafundo mawili. Namuuliza kwa nini. Anaonyesha kaka kwa jicho, kisha anainamisha kichwa. Naelewa. Na mimi ningekuwa na kamba ningejifunga.

Afande Mpepo yuko bega kwa bega na kaka. Naangalia vizuri, nakuta bega lake limegandana na bega la kaka, shati kwa shati, nyama kwa nyama, ila yeye kageukia nyuma.

"Afande, umepatwa na nini?"

"Kanuni, dada. Mwindaji ataambatana na askari muda wote. Nimeambatana."

"Inauma?"

"Hapana. Kulala kiubavu ndiyo kazi."

Njia ya zamani ya kuingilia porini ilikuwa inapita pale shambani. Haipo. Palipokuwa na njia sasa kuna kivuli cha njia tu. Mama mmoja anatoka kwenye mistari ya tumbaku, anasema anaitwa Nyamizi na shamba ni lake. Kwapani amebana kitu kimeviringishwa kama mkeka.

"Njia mnaitaka?" anauliza.

"Tunaiomba, mama."

"Nimeianua. Magari yalikuwa yanaipita bila hata salamu, vumbi lote kwenye tumbaku yangu. Pori ni la umma, hilo sikatai, nami ni umma. Lakini njia inapita kwangu."

"Ndiyo maana tumepiga hodi."

"Mkiomba nawatandikia. Wasioomba wako huko wanazunguka. Wengine nawasikia bado wanapiga honi."

Kweli, kwa mbali honi inalia, ya mtu aliyekata tamaa. Mama Nyamizi anaikung'uta njia. Linadondoka vumbi, mjusi, na kandambili moja ya mguu wa kushoto. Kabla hajaitandika ananiuliza:

"Nani atapiga?"

"Kaka yangu."

Anamtazama kaka. Kaka amevua kofia, ameinama mbele ya bani la kukaushia tumbaku.

"Ndiye yule anayeliamkia bani langu?"

"Ndiye."

"Limeitikia?"

"Bado."

Mama Nyamizi anaitandika njia, inajikunjua yenyewe hadi mbali, nyekundu na laini. "Piteni," anasema. "Nitakuwa naikunja nyuma yenu. Mkirudi mmepungua, mtaniambia nani hayupo."

Nilituhesabu: tulikuwa wanne na bunduki.

Tukaanza kutembea. Gari likatufuata. Afande Mpepo akalisogelea, na kaka akavutwa naye bila kutaka. "Uwindaji ni kwa miguu," akaliambia gari. "Kaa hapo." Gari likakaa. Tulipofika mbali nikageuka, nikaliona limewasha taa moja, la kusikitisha.

Mwisho wa njia tulimkuta Mpaka. Alikuwa amelala chini, mwembamba, mrefu kupita macho yangu, ubavu mmoja kavaa kijani na mwingine kaki.

"Angalieni mnapokanyaga," Mpaka akasema. "Ubavu huu ni hifadhi. Mkiua hata kwale huko, mmekwisha. Ubavu huu ni pori la wazi. Siombi kitu, ila mwindaji anionyeshe kwa kidole nilipo. Asiyeniona atanivuka bila kujua, na kesi huwa yangu."

"Sawa kabisa," kaka akasema, akanyoosha kidole bila kusita. Alionyesha kichuguu.

Ndege aliyekuwa juu ya mti akageuza uso.

"Kushoto kidogo, kaka," nikanong'ona.

Kidole kikaelekea kwa Sitta.

"Chini."

Akashusha kidole hadi kikamgusa Mpaka tumboni. "Nilikuwa nimemwona tangu mwanzo," akasema. "Nilikuwa naonyesha upande anakotokea."

Mpaka alinigeukia mimi. "Umeniona wewe, si yeye."

"Ndiyo."

"Basi litakalotokea huko ndani umeliruhusu wewe."

Akavuta tumbo ndani, tukapita mmoja mmoja. Mimi nilipita wa mwisho, na ulimi wangu ulikuwa mzito kama nimelamba gundi. Ningeweza kusema pale. Hakuna aliyenizuia. Badala yake nikamuuliza Sitta kama amekumbuka chumvi, naye akatikisa kichwa, kamba na yote.

Mlango ulikuwa pale pale ramani iliposema. Komeo likajifungua lenyewe, maana tulikuwa na kibali, na tukawa ndani. Kulikuwa hakuna rangi. Nyasi, miti, mbingu, vyote vilikuwa kama maji ya kuoshea vyombo.

"Msimu bado haujafunguliwa," Afande akaeleza. Akatoa chupa mfukoni, akang'oa kizibo kwa meno. Povu likaruka. Nyasi zikawa za dhahabu, miombo ikatoa majani mekundu, kanga wakaanza kelele. "Umefunguliwa. Fanyeni haraka kabla haujaisha gesi."

Sijui mambo yaligeukaje baada ya hapo. Nilikuwa nyuma yao, nimejitwika ndoo ya maji. Mara niko mbele yao, mbali kidogo, kwenye uwanda wa majani mafupi, peke yangu, mikono miwili juu imeshika ndoo. Kaka amepiga goti. Bunduki imenielekea. Safari hii haikuelekea pembeni, imenielekea mimi hasa.

"Namwona," kaka ananong'ona, na upepo unaniletea kila neno. "Dume. Mkubwa. Tazama pembe zilivyopanuka."

Pembe ni mikono yangu.

Sitta anaona. Macho yamemtoka. Anahangaika na fundo la kamba mdomoni, vidole vinateleza. Afande Mpepo, aliyegandana na kaka kwa bega na kutazama nyuma, anatoa taarifa: "Upande wangu ni salama."

"Wifi," bunduki inaniambia kutoka kule, kwa utulivu, "kidole chake kimeshaniegemea."

Nyuma yangu mtu anakohoa.

Nageuza shingo polepole. Nyati amesimama hapo. Ni mkubwa kama jiko la shule, tope limemkaukia usoni, na ndege mdogo yuko mgongoni mwake anasinzia.

"Samahani, dada," anasema. "Nadhani mimi ndiye mnayemtafuta. Nimekuwa hapa tangu mlipoingia. Nimekohoa mara kadhaa."

"Tafadhali mwambie kaka yangu kwamba mimi si nyati."

"Nikisema mimi, itakuwa nimethibitisha kuna nyati hapa. Mwambie wewe."

"Kila mtu ananiambia nimwambie mimi!"

"Kwa sababu ni wewe uliye mbele ya bunduki," nyati anasema. "Sisi wengine tuko pembeni."

Nikavuta pumzi. Nikaita kwa nguvu zangu zote. Kilichotoka ni, "Matairi!"

"Hata mlio wake ni wa dume," kaka akasema, akabana jicho moja.

"Matairi mapya yamefika!" nikapiga kelele, huku machozi yananitoka. "Tumefunga mawili ya nyuma!"

Nyati akashusha pumzi ndefu, ya moto, ikanipiga kisogoni. Sijui kama alinisukuma au niliogopa tu, lakini mikono ikalegea na ndoo ikaanguka. Maji yakanilowesha kuanzia kichwani mpaka miguuni, ya baridi, na ulimi ukafunguka.

"Kaka, ni mimi! Ni Milembe! Huoni, kaka! Macho yako yameharibika, wote tunajua, na huyu nyati hutampiga wewe!"

Kanga walinyamaza. Kingo za ardhi zikajikunja kidogo, kama ramani ikipigwa upepo, kisha zikatulia.

Kaka akainua kichwa. "Milembe?"

"Naam, kaka."

"Ni wewe hapo?"

"Ni mimi."

"Sasa nyati yuko wapi?"

"Nipo hapa nyuma yake," nyati akasema. "Shikamoo."

"Marahaba," kaka akajibu, kwa sababu amelelewa vizuri.

Akaiweka bunduki chini kwenye majani. Bunduki ikalala kiubavu, nikaisikia ikisema, "Ahsante, wifi," na hapo hapo ikapitiwa na usingizi. Kaka akakaa chini, miguu kaikunja, mikono magotini. Nikamwendea huku natiririka maji. Nilidhani atafoka. Nilimwandalia majibu ya kila namna.

"Najua sioni," akasema. "Tangu masika."

"Sasa kwa nini..."

"Nilikuwa nangoja mmoja wenu aseme. Mwenyewe nilijaribu, nikashindwa. Unamkumbuka baba? Siku aliyoacha bunduki, aliacha na pori. Hakuna aliyemwambia twende. Alikaa kwenye kile kiti cha kamba anatusikiliza tukipakia vitu, mpaka anakufa. Nikasema, mimi nikitamka tu neno hili, nitaletewa kiti."

Sikujua hivyo. Miaka yote ile nilidhani baba amechoka.

"Nani kasema hutakuja?" nikamwambia. "Nafasi yako kwenye gari nimeshaipanga."

"Ipi?"

"Mbele, dirishani."

"Dirishani nitaona nini mimi?"

"Huhitaji kuona. Utapigwa na upepo. Na usiku utatuambia simba yuko mbali au karibu, maana Sitta kila akisikia fisi anasema simba."

Kaka akacheka. Alicheka kwanza puani, halafu mabega yote mawili yakatikisika, na bega la Afande Mpepo likabanduka kwa sauti ya plasta inayotolewa. Afande akajinyoosha mgongo, akatazama pori la mbele kwa mara ya kwanza. "Kumbe kuna nyati," akasema.

Fundo la Sitta nalo likaachia. Maneno yote aliyokuwa ameyabana tangu masika yakamwagika kwa pamoja: kwamba kaka alimsalimia mara mbili akidhani ni watu wawili, kwamba alivaa sweta la Hollo kanisani, kwamba alimpapasa mbwa wa jirani akimwita kiti. Kaka alikuwa amelala chali kwenye majani kwa kicheko, anafuta yale macho yake. Mimi pia. Sijawahi kuwa mwepesi namna ile. Ningeweza kuibeba ndoo ile ikiwa imejaa, na gari likiwa ndani yake.

Nyati alingoja tumalize. "Kwa hiyo mimi niende?" akauliza.

"Nenda," kaka akasema.

"Lakini keshokutwa asubuhi uwepo," nikamwambia, maana mpangaji ni mpangaji. "Jua likishachomoza. Atapiga Sitta."

Nyati akamtazama Sitta kwa makini, kutoka kofia hadi viatu. "Nitajitahidi nisiwepo," akasema, na akaondoka bila haraka, ndege wake mgongoni.

Nikaamka. Jua lilikuwa limeshapita dirishani, linaangaza nusu ya kitanda. Nililala pale kitambo natabasamu kama mtu aliyepona homa. Halafu nikakumbuka kwamba ilikuwa ndoto. Kaka hajaambiwa kitu. Itabidi niende, nikae mbele yake, nifungue mdomo upya.

Simu ikaita. Alikuwa Hollo.

"Wifi, umemwambia nini kaka yako?"

"Sijamwambia kitu. Jana nilishindwa."

"Usinifiche. Ameamka mapema, amempigia Sitta simu kwamba aje na bunduki yake, yeye Sitta ndiye atakayempiga nyati. Halafu akaniambia wakitoka porini nimpeleke hospitali ya macho. Kwa mdomo wake mwenyewe! Miezi yote hii hospitali ikitajwa tu ananuna. Sasa amekaa hapa uani anacheka peke yake. Ngoja, anakutaka."

Nikasikia simu ikihama mkono. Nikasikia pumzi ya kaka.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Milembe, nafasi yangu ile ya dirishani ipo?"

Nikakaa kitandani. Nafasi ile sikuwahi kuitaja kwa mtu yeyote aliye macho.

"Ipo, kaka. Mbele."

"Vizuri." Akashusha sauti. "Ile mikono ulikuwa umeinyanyulia nini?"

"Nilikuwa nimeshika ndoo."

"Ahaa. Ndoo." Akawa kama anaipima ile ndoo kichwani mwake. Nyuma yake kuku walikuwa wanalia, na Hollo anauliza ndoo gani hiyo.

"Usiwe na hofu, mdogo wangu," kaka akasema. "Hata hivyo ningekukosa."